Chupa Mbili za Supu ya Sato

"Leo kapika nani?"

Chenge aliuliza hivyo akiwa bado amesimama, mkono mmoja umeshika nguzo ya kibanda. Alikuwa mpakiaji wa magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba, soko la samaki la ufukweni, mtu wa mabega mapana na sauti ya kupasua. Zamani akifika kwa Bi Mastura alikaa kwanza, akavuta bakuli la pilipili karibu, kisha ndiyo akasalimia. Siku hizi alianza na swali.

"Nimepika mimi," alisema Bi Mastura. "Kwani una kesi na mpishi?"

"Sina kesi, mayu. Nauliza tu." Mayu, mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyomwita siku zote. Akatazama upande wa malori. "Ngoja nimalizie gari moja, narudi."

Hakurudi. Baadaye Bi Mastura alimwona akinywa chai ya rangi kwa jirani, amekigeuzia kibanda mgongo, kana kwamba mgongo ule mpana ungeweza kumficha.

Mpango wa kibanda ulikuwa rahisi. Siku moja alipika Bi Mastura, siku ya pili alipika Raya, mke wa mwanawe wa pekee. Supu ilikuwa ile ile: sato, nyanya, kitunguu, tangawizi na ndizi mbichi. Samaki walinunuliwa kwa mtu yule yule na kuchemshwa kwenye sufuria ile ile. Bi Mastura mwenyewe ndiye aliyemfundisha Raya kuipika, tangu namna ya kutoa matamvua hadi wakati wa kukamua limau. Lakini siku za Raya mabenchi yalijaa hata watu wakala wamesimama, na siku za Bi Mastura supu ilibaki, wakairudisha nyumbani Ilemela kwenye ndoo yenye mfuniko, wakaila wenyewe.

Lililomchoma zaidi ni kwamba supu ya Raya haikuwa na ladha. Aliionja kila mara Raya alipokwenda bombani, na kila mara alikuta maji ya moto yaliyopita karibu na samaki. Hata mboga za nyumbani zilikuwa hivyo, mpaka Bi Mastura akawa anafunga chumvi kidogo kwenye pindo la khanga na kujinyunyizia sahanini akishageuka pembeni. Ilibidi ajifiche, maana daktari wa presha alimkataza chumvi mbele ya Raya. Sasa chakula kisicho na ladha kinajazaje mabenchi? Alilichambua swali hilo akiosha vyombo, akiparua samaki, akiwa kitandani, na jibu likawa moja tu. Kulikuwa na kitu, na Raya alikitia bakulini baada ya yeye kuonja.

Kashindye, aliyeuza dagaa wa kukaanga kando yao, ndiye aliyekipa kitu hicho jina.

"Dada, wewe umelala," alisema, akijipepea kwa kipande cha boksi. "Kuna unga wa ladha siku hizi. Mweupe, chembechembe kama sukari. Kijiko kimoja tu, mtu anakomba bakuli mpaka anataka kutafuna na rangi ya bakuli."

"Unauzwa wapi?"

"Wapi hauuzwi! Mwanao si yuko maabara? Muulize. Vitu vyenyewe vya kikemia hivyo."

Bi Mastura alicheka kidogo, ili Kashindye asijue kwamba neno limeingia.

Hazikupita siku nyingi akaona kwa macho yake. Ilikuwa zamu yake ya kupika. Aliondoka kwenda kumlipa mwenye samaki, akafika konani, akakumbuka kwamba kipochi kimebaki, akarudi. Kupitia mwanya wa mabati alimwona Raya ameifunua sufuria yake, ameshika birika kubwa la bati, anamimina huku akitazama njia. Raya akakoroga, akadondoshea tone kiganjani, akaramba, akafunika. Bi Mastura alirudi nyuma, akaenda kukopa kwa mwenye samaki.

Asubuhi ile supu yake iliisha. Mteja mmoja aliyetoka Misungwi aliomba aongezewe mchuzi, akasema, "Hapa ndipo kuna supu." Hiyo ilikuwa sifa yake ya kwanza baada ya muda mrefu, na haikuwa yake.

Angevumilia labda, kama asingekuja Iqbal. Iqbal aliuza vifaa vya ujenzi, na Bi Mastura alikuwa amepika kwenye walima, karamu ya harusi, wa mabinti zake wawili wakubwa.

"Shikamoo, Bi Mastura."

"Marahaba, Iqbal. Nasikia mdogo wao, Hadiya, naye anaolewa."

"Anaolewa, Mungu akipenda. Nimekuja kwa hilo." Alikaa ukingoni mwa benchi, mahali ambapo mtu hukaa akiwa hana nia ya kula. "Safari hii nataka wewe ukae jamvini na akina mama. Umetupikia vya kutosha. Raya ndiye asimame jikoni."

"Mkono wangu umekuchosha?"

"Astaghafirullah! Nani kasema? Ni kukupumzisha tu."

"Nimekuomba mapumziko?"

Iqbal alimtazama Raya, aliyekuwa na mikono ndani ya beseni la vyombo. Raya alisema bila kuinua kichwa, "Mama ndiye mpishi, baba. Mimi namshikia tu."

Alilisema kwa upole kamili. Bi Mastura angependa kutukanwa, maana tusi lina jibu.

"Nenda, Iqbal," alisema. "Nitakuletea neno."

*

Nurudin, mume wa Raya, alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari ya kule kule Ilemela, umbali wa kutembea kutoka nyumbani. Mama yake alimfuata huko ili wasisikilizwe. Alimkuta akiosha vioo, akavuta stuli, akamwambia yote: birika, mteja wa Misungwi, Iqbal.

"Unga huo si sumu, mama," alisema Nurudin. "Unauzwa dukani. Hata ukikutwa si kosa."

"Kosa ni kuutia kwenye sufuria yangu kwa kunivizia. Utapima au hutapima?"

"Yule ni mke wangu."

"Na mimi ni nani?"

Nurudin alifuta mikono, kila kidole peke yake. Alikuwa mtu wa taratibu, na mama yake hakuwahi kujua kama taratibu hizo ni subira au ni baridi.

"Inapimika," alisema hatimaye. "Lakini sikiliza. Kitu kinacholeta ladha kwenye unga huo kimo pia ndani ya samaki. Nyanya inacho. Ukiniletea supu moja, nitakikuta tu, na sitaweza kukuambia kimetoka wapi. Lete mbili za sufuria moja: moja kabla hajaigusa, nyingine baada. Tofauti ndiyo itakayosema."

"Hapo sasa."

"Na jibu likitoka, ni jibu. Halitakuwa la kwako wala la kwake."

"Likitoka, atarudi kwao Misungwi," alisema Bi Mastura, akainuka. "Akapike huko huko, wamsifie. Na wewe usije ukaniletea machozi."

Nurudin alifungua bomba, akaanza kuosha upya kioo alichokwisha kukiosha.

*

Jumamosi ilikuwa zamu ya Bi Mastura. Supu ilipoiva alichota kidogo, akajaza chupa ya plastiki, akaifunga shingoni uzi mwekundu, akaificha ndani ya kikapu. Kisha akatangaza, kwa sauti iliyomfikia hata Kashindye, kwamba anakwenda kutazama sangara walioingia, na atakawia.

Hakutazama sangara. Alisimama nyuma ya rundo la magunia, khanga imefunika nusu ya uso, mpaka alipoona Raya ananyanyua birika. Moyo ulimwenda mbio, na ndani ya mbio hizo kulikuwa na furaha ambayo angeona aibu kuitaja. Aliporudi alichota chupa ya pili, akaifunga uzi mweusi.

Supu iliisha mapema.

"Jifunge khanga vizuri," alimwambia Raya wakipanga vyombo. "Tunapitia shuleni kwa mumeo. Tumpelekee chakula."

*

Maabara ilikuwa tupu, madirisha wazi upande wa ziwa. Kwenye rafu kulikuwa na chura ndani ya chupa ya maji ya manjano. Bi Mastura alimtazama chura, akapata mzaha.

"Na huyu naye mlimpikia supu?"

"Amehifadhiwa kwa formalini," alisema Nurudin. "Ndiyo tutakayotumia leo." Aliziona chupa mbili mkononi mwa mama yake, akamwona Raya mlangoni na ndoo ya vyombo. "Hujamwambia?"

"Namwambia sasa." Bi Mastura aliziweka chupa mezani. "Raya, hii ni supu yangu. Na hii ni supu yangu baada ya birika lako. Mumeo atapima ulichotia. Kikionekana, utafungasha."

Raya aliitua ndoo. Alimtazama mumewe, na mumewe akatazama meza.

"Umekubali?" alimwuliza.

"Kama hukutia kitu, sema," alisema Nurudin.

"Nimetia," alisema Raya. "Pima."

Bi Mastura alishika kiuno. Kakiri mwenyewe, na watu wawili wamesikia! Lakini Nurudin alikuwa ameshaanza kuchuja, na alipoanza kazi hakuwa mtu wa kukatizwa.

Alipima supu ya uzi mwekundu kwa mrija, akaizimua kwa maji mpaka ikakosa rangi, akadondoshea matone ya kiashiria, dawa ya kubadili rangi. Juu ya chupa ilisimama bureti, mrija mrefu wa kioo wenye alama za mililita na koki chini, umejazwa alkali, dawa ya kuua asidi. Alifungua koki. Tone, tone, tone, huku mkono wa kulia ukiizungusha chupa. Ghafla supu ikawa waridi, hafifu kama ukucha wa mtoto.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza Bi Mastura.

"Bado." Akatia formalini. Waridi ikatoweka.

"Imekwenda wapi?"

"Formalini imekamata vile vitu vya ladha, navyo vimeachia asidi vilivyokuwa vimeishika. Sasa nadondosha tena mpaka waridi irudi. Kiasi nitakachotumia ndicho kipimo chetu." Alidondosha, akasoma, akaandika ubaoni kwa chaki: nne.

Kisha, kwa sababu alitaka mama yake aone, akachota upya supu ile ile na kutia ndani yake chembe chache za unga wa ladha alioununua dukani. Akarudia yote. Sita na nusu.

"Unga ukiwamo, namba inapanda. Umeona?"

"Nimeona. Sasa pima ya uzi mweusi."

Akaipima kwa njia ile ile. Waridi ikaja, ikaenda, ikarudi. Nurudin aliinama macho yakawa sawa na alama, akabaki hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaandika: tatu.

"Tatu ni kubwa kuliko nne siku hizi?" aliuliza Bi Mastura.

"Imepungua, mama."

"Umekosea. Rudia."

Akarudia. Tatu. Bi Mastura alizitazama zile nyuzi, asije akawa amezibadilisha, lakini alikuwa amezifunga kwa mkono wake.

"Basi katia kitu kingine," alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Amekiri mwenyewe! Au kuna dawa ambayo vioo vyako havijui."

Nurudin alikuna kidevu. Sasa hakuwa mwana wala mume. Alikuwa na hesabu isiyokaa sawa mbele yake. Alitoa chupa ndogo ya kahawia kabatini. "Hii ni nitrati ya fedha. Inapima chumvi. Ni ghali, nitaieleza kwa mkuu wa idara." Aliitia supu ya uzi mwekundu rangi ya njano, akaanza kudondosha. Utando mweupe ukajaa kama maziwa. Akaendelea. Akaendelea tena, akimtazama mama yake mara moja tu, kwa haraka, mpaka njano ikageuka rangi ya tofali. Kumi na mbili. Ya uzi mweusi: tisa.

Aliirudisha chaki mahali pake.

"Nne ikawa tatu. Kumi na mbili ikawa tisa. Vyote vimepungua robo, sawasawa. Hakuna kilichoongezwa ila kimoja, chenye kuzimua kila kitu kwa pamoja." Akamgeukia mkewe. "Ni maji."

"Ya moto," alisema Raya. "Ili supu isipoe."

"Unatia maji kwenye supu yangu?" Bi Mastura alisimama. "Unaizimua supu yangu?"

"Supu yako ni nzito, mama, inavumilia."

"Kwa nini?"

Raya alimtazama Nurudin kama mtu anayeomba aulizwe na mwingine. Hakuulizwa.

"Chumvi," alisema. "Inazidi. Chenge alianza kuimwaga supu mtaroni ukigeuka. Wengine wakaacha kuja. Nikipata nafasi, nazimua. Nisipoipata, ndiyo inabaki."

"Mwongo! Chumvi yangu naionja mwenyewe."

Nurudin alifungua ndoo ya vyombo, akatoa vikombe viwili, akasema watu hawali wala hawanywi ndani ya maabara, watoke barazani. Huko akavijaza maji ya kunywa.

"Nahitaji chumvi kidogo. Ya maabara haifai kuliwa."

"Mama anayo," alisema Raya polepole. "Kwenye pindo."

Bi Mastura alisimama na mkono juu ya fundo. Alikuwa amelificha fundo lile kwa akili nyingi, na kumbe lilikuwa linafuliwa na Raya kila wiki. Alilifungua kwa meno. Nurudin alimwomba ageuke, naye akasikia kijiko kinagonga kikombe.

Bi Mastura akaonja cha kwanza. Akaonja cha pili. Akarudi kwenye cha kwanza, akakishikilia mdomoni, akitafuta.

"Yote maji," alisema.

Raya alipokea kikombe cha pili, akapiga funda moja. Hakutaka kulitema mbele ya mkwewe, ikaonekana alivyohangaika nalo, lakini ikambidi ageukie maua na kulitema.

"Mama," alisema Nurudin, "ulimi huchoka. Wakati mwingine ni umri, wakati mwingine ni dawa. Jumatatu twende tukamwulize daktari wa presha. Na chumvi yenyewe…"

"Tangu lini?" Alikuwa anamwuliza Raya.

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na hukusema."

"Ningesemaje, mama? Ungesema mkwe amekuja juzi anakufundisha chumvi. Iqbal aliponifuata mara ya kwanza nilimwambia wewe ndiye mpishi. Na mara ya pili ulinisikia."

Bi Mastura alichukua kikapu chake. Alitaka kupata neno moja la kumchoma, kwa kuwa lilikuwa haki yake, lakini kila alilolishika lilikuwa limezimuliwa. Alishuka ngazi, akapita kati ya mawe makubwa ya mlimani, mbele yao, hakungoja.

*

Jumatatu hawakufungua kibanda, walikwenda kwa daktari, naye akabadilisha kidonge kimoja na kusema wangoje waone, bila kuahidi. Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya Bi Mastura.

Aliparua sato kama kawaida. Alikaanga kitunguu, akatia nyanya, akatia tangawizi, akaongeza maji, akapanga ndizi. Raya alikaa mbali, kwenye beseni, amejishughulisha na vyombo vilivyokuwa safi. Birika lilikuwa limening'inizwa msumarini, kavu.

Supu ilipochemka Bi Mastura alichukua kopo la chumvi. Alilishika kidogo, kisha akalitua mezani, upande wa Raya, kwa nguvu iliyofanya mfuniko uruke.

"Tia."

Raya alifuta mikono, akaja. Akatia, akakoroga, akadondoshea kiganjani, akaonja. Akatia tena kidogo.

"Imetosha, mama."

"Sikukuuliza."

Chenge alifika, akashika nguzo yake. "Mwangaluka, mayu. Leo kapika nani?"

Bi Mastura alimtazama moja kwa moja. "Mimi. Kaa."

Amri ilikuwa nzito, Chenge akakaa. Alipewa bakuli, akaligusa kwa mdomo wa woga. Kisha akavuta pilipili karibu.

"Mayu," alisema, na sauti yake ikafika kwa Kashindye, "umerudi! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa."

Alimgeukia Raya haraka, akitaka kukuta kicheko usoni pake. Angekikuta, kingemsaidia, angeweza kumchukia tena kwa raha. Raya alikuwa anakata limau, hana habari.

Iqbal alipopita, Bi Mastura alimwita kwa jina mbele ya wateja. "Walima wa Hadiya napika mimi. Raya ataonja. Ukitaka hivyo, sawa. Hutaki, katafute wapishi wengine."

"Nataka, Bi Mastura," alisema Iqbal, akimtazama huyu na yule. "Nataka hivyo hivyo."

Mabenchi yalijaa. Watu walikunja mikono ya mashati, wakapuliza, wakafyonza mifupa ya sato na kuipanga ukingoni mwa sahani, wakaomba mchuzi. Raya alimimina bakuli moja, akalitia limau, akamletea mkwewe bila kuambiwa. Bi Mastura alilipokea. Alikunywa funda moja amesimama, akangoja.

Ilikuwa ya moto tu.

"Tamu, mayu?" Chenge alimwuliza, mdomo umejaa.

"Tamu," alisema. Akabaki ameshika bakuli, akiwatazama mmoja mmoja vinywa vyao.